Plaizi moja haitoshi nyumbani: ipi ishike nati, ipi ikate waya, na ipi isiguse mfereji

Mwanzishaji wa uzi, Unguja

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Uzi huu umezaliwa na nati moja ya shaba iliyokuwa chini ya sinki la jikoni kwa mama yangu, Jang'ombe. Nilipoikuta ilikuwa na pembe sita. Nilipoiacha ilikuwa inakaribia kuwa mviringo. Mfereji ulikuwa ukivuja tone kwa tone, mama akaniita nije nikaze, nami nikaifuata plaizi ya kawaida ambayo imelala katika mtoto wa meza kwa zaidi ya miaka kumi, nikaibana ile nati kwa nguvu zote nilizonazo na kuizungusha. Meno yakateleza. Nikabana tena, yakateleza tena, na kila yalipoteleza yaliondoka na kipande cha pembe, mpaka chenga za shaba zikawa zinang'aa sakafuni. Siku ya pili alikuja fundi wa mifereji, akalazimika kuikata nati kwa msumeno wa chuma na kubadilisha kiungo kizima, na muda wote huo mama alikuwa akichota maji kwa ndoo kwa jirani. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Fundi yule hakunilaumu. Aliichukua plaizi yangu, akaibana juu ya nati mpya, akaniambia niiname nichungulie kwa karibu namna midomo inavyoigusa. Midomo ya plaizi ya kawaida huzunguka kwenye pini moja, kwa hiyo kadiri inavyofunguka ndivyo inavyokaa mshazari, nyembamba kwa upande wa pini na pana kwa upande wa ncha. Nati pana ikiingia humo huguswa kwenye pembe tu, badala ya kubanwa kwenye nyuso zake mbili zinazoelekeana, na pembe ndiyo mahali ambapo nati huliwa kwanza. Nilikuwa nimeitumia plaizi kwa miaka yote hiyo bila ya kuitazama hata mara moja.

Kabla sijaendelea, tuelewane kuhusu majina. Kamusi zinakiita chombo hiki koleo, lakini wenzetu wengi wa Bara wakisikia koleo hufikiria lile la kuchotea mchanga, ambalo huku kwetu tumezoea kuliita sepeto au beleshi. Dukani ukisema plaizi utaeleweka mara moja, kwa hiyo nami nitasema plaizi, na neno koleo nitaliwekea kile chombo cha kung'olea misumari chenye kichwa cha duara kama gando la kaa.

Nianze na plaizi ya kawaida, kwa kuwa ndiyo iliyomo katika kila nyumba na ndiyo inayoonewa kuliko zote. Ukiitazama vizuri utaona kwamba ni vyombo vitatu vilivyounganishwa. Mbele ina midomo bapa yenye michirizi, ambayo ni ya kushika vitu bapa na kupinda bati au waya. Katikati ina uwazi wa mviringo wenye meno makubwa zaidi, ambao ni wa kushika vitu vya duara kama vile nondo nyembamba. Nyuma kabisa, karibu na pini, kuna makali ya kukatia. Mpangilio huo haukufanywa ovyo. Plaizi yangu ina urefu wa milimita 180, na nimeipima kwa rula: kutoka kwenye pini hadi mahali kiganja changu kinapobana ni kama sentimita 12, kutoka kwenye pini hadi ncha ya midomo ni kama sentimita 4, na hadi katikati ya makali ni kama sentimita 2. Maana yake ni kwamba nikibana kwa nguvu ya kilo 10, ncha hupata nguvu ya kilo 30 hivi, na makali hupata kilo 60. Kwa hiyo waya ukikataa kukatika, usiongeze mkono wa pili wala usiipige plaizi kwa nyundo. Usogeze waya ndani zaidi, karibu na pini, utakatika.

Kazi za plaizi hii ni nyingi mradi usiilazimishe kuwa spana. Ninaitumia kusokota waya wa kufungia ua, kunyoosha ukingo wa bati uliojikunja, kuvuta pini ya gurudumu la kigari cha maji, na hata kuushikilia msumari mdogo ninapoupigilia mahali pembamba ili nyundo isiangukie kidole.

Plaizi ya mdomo mrefu ni ya kazi za upole. Ufunguo ukikatikia ndani ya kitasa, ukabaki ukingo mdogo tu wa kushika, hakuna chombo kingine cha nyumbani kitakachouvuta. Pia ndiyo inayotengeneza kitanzi kizuri cha waya wa shaba kabla ya kuuzungushia skrubu ya soketi. Kitanzi hicho kifuate upande wa mshale wa saa, kwa sababu skrubu nayo hukazwa kwa upande huo na itakivuta kitanzi ndani. Ukikielekeza kinyume, kila unapokaza kinafunguka na kujitoa. Kosa kubwa ninaloliona kwa plaizi hii ni kuitumia kufungua kitu kigumu kwa kuipindisha ubavu. Ncha zake ni nyembamba, zikipinda hazikutani tena, na plaizi ya mdomo mrefu ambayo ncha zake hazikutani haina kazi tena. Kabla ya kununua, ifunge na uiinue kwenye mwanga: ncha ziwe zimegusana sawasawa.

Plaizi ya kukatia sitaisemea sana. Ni ya waya laini wa shaba na vifungo vya plastiki, si ya msumari mgumu wala waya wa springi, kwa maana makali yake yatameguka. Unapokata kipande kifupi kifunike kwa kiganja au ukielekeze chini, kwa sababu huruka kwa kasi na jicho halina spea.

Koleo la misumari linataka maelezo zaidi, hasa kwetu sisi tunaoishi katika nyumba za zamani. Watu wengi hulibana kwenye kichwa cha msumari na kuvuta moja kwa moja, miguu ikiwa imejikita ukutani. Halikutengenezwa kwa kuvuta bali kwa kubingirika: unaukamata msumari chini kabisa, kisha unalilaza koleo upande mmoja juu ya lile duara lake, nao msumari unatoka kidogo, unaukamata tena chini zaidi, unalilaza tena. Katika kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, kama zilivyo nyumba nyingi za Mji Mkongwe, duara hilo likiegemea moja kwa moja kwenye lipu litabomoa kipande kikubwa kama sahani, kwa sababu chokaa ni laini. Weka kipande cha ubao chini ya koleo, uzito usambae. Ubao huohuo utausaidia pia mlango wa mninga au msaji usipate kovu.

Sasa nifike kwenye ile iliyostahili kuwamo mkononi mwangu siku ile: plaizi ya pampu ya maji, yenye mikono mirefu na mifereji midogo kadhaa pale kwenye kiungo, ambayo inaruhusu mdomo mmoja kusogezwa ngazi kwa ngazi. Umbo hilo lilibuniwa mwaka 1933 na fundi aitwaye Howard Manning katika kiwanda kimoja cha Meadville, Pennsylvania, Marekani, na kiwanda hicho baadaye kilichukua jina la Channellock kutokana na chombo chenyewe. Faida yake ni kwamba midomo hubaki karibu kuwa sambamba hata inapokuwa imefunguka sana, na mikono mirefu huongeza nguvu. Ina upande wake, lakini. Ukiizungusha upande mmoja midomo inazidi kuuma. Ukiizungusha upande wa pili inateleza na kuacha. Ikianza kuteleza usibane zaidi, igeuze. Na kama kitu unachoshika kina rangi ya kung'aa, kama mifereji mingi ya bafuni, zungushia kitambaa kwanza, kwa kuwa meno hayo yakishakwangua ule mng'ao, kutu huingilia hapohapo.

Ya mwisho ni gripu, ile plaizi inayojifunga yenyewe. Ilibuniwa na mhunzi wa Kidenmaki, William Petersen, aliyehamia Nebraska, Marekani. Hataza yake ya kwanza ni ya mwaka 1921, na ile yenye mkono wa kujifunga ni ya mwaka 1924. Kuna skrubu mwishoni mwa mkono ambayo unaizungusha kupima upana, unabana, mkono unalia na kujifunga, kisha unaweza kuondoa mkono wako nayo ikabaki imeng'ang'ania. Kwa skrubu iliyoliwa kichwa, kwa bolti isiyo na pembe tena, na kwa kushikilia vipande viwili wakati gundi inakauka, sijaona kinachoishinda. Lakini haina huruma. Bomba jembamba litabonyea, na nati nzima itaharibika. Ninaihesabu kuwa chombo cha kitu ambacho tayari nimeamua kukitupa.

Naomba wenye uzoefu waongeze na kunisahihisha.

Mchangiaji, Wete

Waalaykumu salaam kaka yangu, na shukrani kwa maelezo. Mimi nina tatizo la geti. Geti letu la chuma lina bawaba mbili, na tunataka kulitoa ili lichomelewe pale lilipopasuka. Pini ya bawaba ya juu imetoka bila ya taabu, lakini ya chini imeganda kwa kutu na kichwa chake kimebaki nje kwa kiasi cha upana wa kidole kidogo. Nimeipiga nyundo kutoka chini mpaka mkono umevimba. Nimejaribu plaizi ya kawaida, inateleza tu na kuacha michirizi inayong'aa. Mume wangu yuko safarini na sitaki kumlipa mtu kwa kazi ambayo ninaamini ninaiweza. Je, gripu itaweza, au nitaongeza hasara juu ya hasara?

Fundi wa umeme, Mwanakwerekwe

Maalim, uzi wako ni mzuri, lakini umetaja soketi na waya wa shaba bila ya kusema neno moja kuhusu usalama, na hapo siwezi kunyamaza.

Umeme wa majumbani kwetu ni wa volti 230, na unaua. Wengi wanaamini kwamba plaizi yenye mikono ya plastiki nyekundu au ya buluu inazuia umeme. Plastiki nyingi za namna hiyo zimewekwa ili mkono usiteleze na usiumie, basi. Plaizi iliyotengenezwa na kupimwa kwa kazi ya umeme hupigwa alama ya pembetatu mbili pamoja na maandishi ya 1000 V, na mikono yake huwa na ukingo uliojitokeza karibu na kiungo ili vidole visiteleze kwenda kwenye chuma. Hata hiyo ikiwa na ufa, ikiungua, au ukaikuta imechubuka hadi chuma kuonekana, si ya umeme tena. Na hata ikiwa mpya, zima swichi kuu kwanza, kisha hakikisha kwa testa kwamba waya umekufa kweli, na testa yenyewe uijaribu kwanza mahali ambapo unajua umeme upo. Mimi nimeifanya kazi hii kwa miaka mingi na sijawahi kuacha kufanya hivyo.

Niongeze jambo moja ambalo akina mama huniitia mara kwa mara: taa iliyovunjika kioo, kikabaki kile kikombe cha chuma ndani ya holda. Zima swichi kuu, usitegemee swichi ya ukutani peke yake. Vaa kitu kizito mkononi. Kama holda ni ya skrubu, ingiza plaizi ya mdomo mrefu ikiwa imefungwa, ifungue ndani ya kikombe mpaka ikigandamize kutoka ndani, kisha zungusha kinyume cha saa polepole. Kama ni holda ya pini, kuzungusha peke yake hakutoshi. Lazima ukisukume ndani kwanza ili pini mbili zitoke kwenye ndoano zake, ndipo uzungushe kidogo na kuvuta. Nimeona holda ngapi zimeng'olewa darini pamoja na waya wake kwa sababu mtu alikuwa anazungusha holda ya pini kama ya skrubu!

Mchangiaji, Michenzani

Mimi ninatofautiana kidogo na mwanzishaji. Ukiwa na seti ya spana, bisibisi mbili na msumeno wa chuma, plaizi zote hizo tano ni za nini? Fundi aliyenifundisha alikuwa akisema wazi kwamba plaizi ni chombo cha mtu asiye na chombo, na akimwona mwanafunzi anakaribia nati nayo, anamnyang'anya. Nadhani uzi huu utawafanya watu wanunue plaizi ya pampu na kuzitafuna nati zao kwa mtindo mpya.

Mchangiaji, Jambiani

Jamani, sisi wa pwani ya mashariki tuna adui mwingine ambaye hamjamtaja, naye ni chumvi. Upepo wa kusi ukianza, unaleta unyevu wa bahari hadi ndani ya kabati. Nilinunua plaizi nzuri ya kukatia, nikaitumia mara mbili, nikaiweka kwenye dirisha la banda la uani. Baada ya miezi michache ikawa haifunguki hata kwa mikono miwili. Kutu haikuanzia kwenye makali wala kwenye meno, ilianzia ndani ya kiungo, mahali ambapo hamna anayepaona.

Tangu wakati huo nimejiwekea utaratibu. Plaizi ikiguswa na maji ya bahari ninaiosha kwa maji matamu siku hiyohiyo, kwa sababu kuifuta peke yake huiacha chumvi mahali pake, na chumvi huvuta unyevu hata siku ya jua. Kisha ninaikausha juani, ninatia tone la mafuta ya cherehani kwenye kiungo, ninaifungua na kuifunga mara kumi hivi mpaka mafuta yatoke upande wa pili yakiwa na rangi ya udongo, ninayafuta na kutia tone jingine. Meno na midomo ninayapangusa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo tu, kwa maana yakizidi chombo kinateleza mkononi. Zote ninazilaza ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana. Sizitundiki ukutani kamwe, ingawa ninajua kwamba zinapendeza zikitundikwa.

Ile iliyoganda niliichovya katika mafuta ya taa kwa siku tatu, nikawa ninaitikisa kidogo kila asubuhi bila ya kuilazimisha. Siku ya nne ilifunguka, na ninayo hadi leo.

Mwanzishaji wa uzi, Unguja

Shukrani nyingi kwa wote. Nitajibu mmoja mmoja.

Fundi wa Mwanakwerekwe, umenisahihisha pahali panapostahili na ninakubali. Nilieleza kitanzi cha waya kana kwamba waya hauna umeme, nami ndivyo ninavyofanya, lakini msomaji hakuwa na namna ya kujua. Nimekwenda kuzitazama plaizi zangu zote: ni moja tu yenye zile pembetatu mbili, na mkono wake mmoja una mkato mdogo ambao sikuwahi kuuona. Nimeihamishia kwenye kazi za ua. Swali langu kwako: nyaya mbili za shaba zikisokotwa pamoja kwa plaizi na kufungwa tepu, hilo linakubalika, au ni lazima kuwe na kiungio?

Ndugu yangu wa Michenzani, tunakubaliana zaidi kuliko unavyodhani. Nati yenye pembe sita nzima, yenye spana inayolingana nayo, isiguswe na plaizi ya aina yoyote, iwe ya pampu au nyingineyo, na ningetaka kila msomaji alishike hilo hata kama atasahau mengine yote. Lakini nyumba haijajaa nati za pembe sita peke yake. Chini ya sinki kuna zile nati kubwa za plastiki zenye mabawa au mikunjo, ambazo hazina spana yake katika seti yako. Kuna kifuniko cha chujio la pampu, kuna kichwa cha bafu la mvua, kuna shingo ya mfereji ambayo ni duara tupu. Hapo spana haina pa kushika. Na kwa zile nati za plastiki niseme wazi: zifungue kwa plaizi ya pampu ukitaka, lakini kuzifunga, zifunge kwa mkono, kisha uongeze robo ya mzunguko kwa upole, uishie hapo. Zikivuja, kasoro huwa kwenye mpira uliokaa vibaya au uliokauka, na kukaza zaidi kutaipasua nati.

Kuna mmoja ameniuliza faraghani kama plaizi inafaa kukazia regyuleta ya mtungi wa gesi. Jibu ni hapana. Regyuleta nyingi za mitungi ya nyumbani zimetengenezwa zifungwe kwa mkono. Kama umefunga kwa mkono na bado kuna harufu, funga valvu, fungua madirisha, usiwashe wala usizime taa, na harufu ikishakwisha upake povu la sabuni kwenye kiungo uone kama kuna mapovu yanayokua. Mara nyingi ni mpira uliochakaa. Plaizi hapo itaficha tatizo kwa siku mbili na kuharibu regyuleta.

Dada yangu wa Wete, sasa nije kwako, kwa sababu swali lako ndilo lililonifikirisha zaidi. Gripu itaweza, lakini si jambo la kwanza. Jambo la kwanza ni uzito. Umeshatoa pini ya juu, kwa hiyo geti zima sasa linaiegemea bawaba ya chini na kuikunja pini ndani ya tundu lake. Hata ingekuwa haina kutu isingetoka. Tafuta ubao mnene na kabari mbili, uzipenyeze chini ya geti upande wa bawaba, uzigonge mpaka uone geti limeinuka kwa kiasi cha unene wa karatasi mbili tatu, na mtu mwingine alishike juu lisianguke. Usiifanye kazi hii peke yako.

Jambo la pili ni mafuta. Changanya mafuta ya taa na mafuta kidogo ya injini, uyadondoshe juu ya pini asubuhi na jioni kwa siku mbili, na kila ukidondosha ugonge bawaba kwa nyundo ndogo pembeni, taratibu, si kwa kuipiga pini. Mtikisiko ndio unaofungua njia ya mafuta kupenya. Ndipo uje na gripu. Legeza skrubu ya nyuma, weka midomo kwenye kichwa cha pini, zungusha skrubu mpaka midomo iguse, fungua, kaza skrubu kidogo zaidi, kisha ubane kwa kiganja chote mpaka ijifunge. Usianze kwa kuvuta juu. Zungusha pini upande mmoja na mwingine, nyuzi chache tu, kama mtu anayelegeza kizibo cha chupa. Ikishakubali kuzunguka ndipo uipige gripu yenyewe kwa nyundo kutoka chini, taratibu, huku ukiendelea kuzungusha. Kuifungua gripu, vuta kile kijimkono kidogo kilichomo ndani ya mkono mkubwa, na uangalie vidole, kwa kuwa huachia kwa kishindo.

Fundi wa umeme, Mwanakwerekwe

Kusokota na kufunga tepu peke yake sikubali, hasa juu ya dari ambako joto la bati huikausha gundi ya tepu mpaka inajibandua yenyewe. Sokota kwa plaizi ya kawaida kwa upande wa saa, kata ncha zilizochomoza, kisha uingize kwenye kiungio cha skrubu, na kiungio kiwe ndani ya kisanduku. Ukiona waya umegeuka rangi ya kijani, rudi nyuma ukate mpaka uipate shaba inayong'aa. Kumenya waya nako, ni bora utumie plaizi yake maalumu. Ile ya kukatia huacha mkwaruzo kwenye shaba usiouona kwa macho, na baada ya muda waya hukatikia hapohapo.

Mchangiaji, Wete

Nimerudi na habari. Nilinunua gripu ya inchi 10 hapa mjini, nikatia mafuta kwa siku mbili kama ulivyosema, na shemeji yangu akaja kulishika geti. Tulipogonga kabari ya pili, geti lilitoa sauti na pini ikalegea kabla hata sijaigusa. Nilipoibana na kuizungusha ilikataa mara mbili, mara ya tatu ikasogea kwa kiasi cha unywele, ikatoa unga mwekundu, kisha ikaanza kuzunguka. Kuitoa yote kulituchukua kama robo saa.

Pini yenyewe imeliwa katikati mpaka imekuwa nyembamba kama penseli, kwa hiyo hairudi tena. Fundi wa kuchomelea amenishauri niweke bolti yenye unene uleule, nami nimeipaka grisi urefu wake wote kabla ya kuiingiza, ya juu na ya chini. Kichwa cha bolti kina pembe sita, na kwa hiyo nimenunua na spana yake.